Miezi 58 ya Dada: hesabu iliyokuja baada ya arobaini

Kikao kilikaa Jumamosi moja ya Februari 2024, siku chache baada ya arobaini ya Mama Mkubwa, sebuleni kwake Ngamiani, Tanga. Mjomba alikalia kiti pekee chenye mikono, Maalim pembeni yake, na watoto wanne wa marehemu wakajipanga mkekani. Watatu kwa kweli. Wa nne, Kaka wa Muscat, alikuwa kwenye simu iliyoegeshwa chupa ya chai, sura yake ikikatika kila mara. Mimi, mtoto wa mama mdogo, niliitwa kwa sababu moja: ni mhasibu na mwandiko wangu unasomeka. Kazi yangu ilikuwa kuandika, si kusema.

Jambo lenyewe lilikuwa nyumba. Dalali alikuwa ameitia shilingi milioni 48. Wanaume wawili, wanawake wawili, baba na wazee wa marehemu walishatangulia, kwa hiyo kwa mirathi ya Kiislamu ni mafungu sita: kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Milioni 16, 16, 8 na 8. Ilinichukua dakika mbili, na nilidhani tutakula pilau mapema.

Ndipo Kaka wa Dar akasema, "Kuna na kodi ya vyumba vitatu vya uani. Karibu miaka mitano Dada anaikusanya yeye. Ile nayo ni mali ya mama. Ihesabiwe."

Dada alikuwa anagawa kahawa. Aliliweka sinia chini taratibu.

"Basi na mimi nihesabiwe."

Mjomba alinigeukia. "Wewe ndiye msomi wa hesabu. Dada yako ni shilingi ngapi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Niliomba wiki mbili. Ninachoandika hapa ni hesabu niliyorudi nayo, pamoja na mambo ambayo karatasi ile haikuweza kubeba. Majina nimeyaacha, na Dada ameyasoma haya kabla yenu.

Uamuzi ambao haukufanywa

Mama Mkubwa alipata kiharusi Februari 2019, akiwa na miaka 74. Upande wote wa kulia ulipooza, maneno yakawa yanatoka nusu. Hospitali walimlaza siku tisa, wakamruhusu na karatasi ya dawa, na maelekezo ya mdomo aliyopewa yule aliyekuwa amesimama karibu na kitanda. Aliyekuwa amesimama ni Dada.

Nimewauliza wote wanne, kila mmoja kwa wakati wake: nani aliamua kwamba Dada ndiye atakayemuuguza mama? Hakuna anayekumbuka. Hapakuwa na kikao wala simu ya familia. Kaka wa Dar ana kazi ya ofisini, Kaka wa Muscat ni dereva kwa watu, mdogo wetu ameolewa Arusha na wakati ule alikuwa na mtoto wa miezi minne. Dada alikuwa na miaka 47, ameachika, anaishi nyumba ile ile na binti yake. Alikuwepo. Kuwepo kwake ndiyo uliokuwa uamuzi.

Alikuwa mama ntilie, stendi ya Kange. Alitoka nyumbani saa kumi alfajiri na kurudi saa tisa mchana. Alifunga biashara "kwa wiki mbili tu", sufuria kubwa akamwazima jirani. Ilipoingia Ramadhani mwezi Mei, nafasi yake pale stendi ilikuwa na mtu mwingine, na sufuria zilikuwa zimeshakuwa za jirani.

Siku yake ilikuwaje? Nilikaa naye, yeye na binti yake wakinisimulia, na mimi nikiandika. Kuosha, kubadilisha, kupaka mafuta na kukagua mgongo asubuhi: saa moja na nusu. Kulisha mara tatu: saa mbili, maana maji yalikuwa yanampalia, kwa hiyo kila kitu kilipikwa kizito na kikaliwa kwa kijiko cha chai. Kufua: saa moja na nusu. Kupika chakula chake peke yake: saa moja. Kumnyoosha mkono na mguu: nusu saa. Kumgeuza mchana, ubavu huu na ubavu ule kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia: nusu saa ukijumlisha. Usiku kuamka mara tatu: saa moja. Jumla ni saa nane.

Kuanzia tarehe 1 Machi 2019 hadi 31 Desemba 2023, mwezi aliofariki, ni miezi 58, siku 1,767, saa 14,136. Katika miezi yote hiyo mgongo wa Mama Mkubwa haukupata kidonda hata kimoja. Muuguzi mmoja mtaani kwetu aliniambia kwamba hilo peke yake ni cheti.

Bei nne za kazi moja

Watu wakisikia "thamani ya kiuchumi" hudhani kuna namba moja imefichwa mahali, ukiwa na elimu unaiona. Haipo. Zipo njia mbili kuu. Ya kwanza unauliza: ungemwajiri mtu afanye kazi hii, angelipwa ngapi? Ya pili unauliza: huyu aliyeifanya, aliacha kupata ngapi kwingine? Zote mbili ni halali, na zote mbili zina matege.

Nikaanza na ya kwanza, nikachukua bei ambayo serikali yenyewe imeiandika. Amri ya mshahara wa kima cha chini ya 2013 iliweka shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayeishi kwa mwajiri, na 80,000 kwa asiyeishi hapo. Amri ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ikapandisha hadi 60,000 na 120,000. Kwa Dada hiyo ni miezi 46 kwa bei ya zamani na 12 kwa mpya. Akihesabiwa kama msichana wa kazi wa kulala ndani: shilingi 2,560,000. Ukigawa kwa saa zile 14,136, ni shilingi 181 kwa saa. Kitumbua kimoja pale Kange ni 200.

Nilipomsomea namba hii, Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Binti yake hakucheka.

Bei ya pili: Dada kama mfanyakazi anayerudi kwake, lakini kwa sheria ya kazi ilivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Inayozidi hulipwa mara moja na nusu, na siku ya mapumziko mara mbili. Dada alifanya saa 56 kwa wiki, bila Jumapili ya kupumzika. Ukitia hayo yote, 5,120,000 ya msingi inapanda hadi takribani 7,450,000. Sikuongeza nyongeza ya usiku, kwa kuwa Kaka wa Dar tayari alikuwa ananiangalia kama nimehongwa.

Bei ya tatu ilitoka kwa Kaka wa Dar mwenyewe. Mwaka 2020 aliwahi kuuliza bei ya mhudumu wa wagonjwa wa kulala nyumbani, akaambiwa 350,000 kwa mwezi, na chakula juu ya mwajiri. Akaona ghali, akaacha. Kwa miezi 58 ni shilingi 20,300,000, na mhudumu yule angetaka siku ya kupumzika kila wiki.

Bei ya nne ndiyo njia ya pili, yaani alichokiacha. Dada alikuwa anabakiwa na wastani wa 12,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Ni 312,000 kwa mwezi, na kwa miezi 58 ni 18,096,000.

Hapa mdogo wetu wa Arusha aliuliza swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa kikaoni: kama kazi ilikuwa saa nane, kwa nini Dada hakuuza chakula kwenye saa zilizobaki? Jibu liko kwenye ile kumgeuza kila baada ya saa mbili. Nusu saa kwa siku si kitu, lakini imekatwakatwa na kutawanywa siku nzima, na kila kipande kinamrudisha mtu nyumbani. Kinachomfunga mwuguzaji ni kule kutoweza kwenda mbali, kuliko wingi wa kazi. Kuwepo huko hakuna bei yake kwenye amri yoyote ya mishahara. Kunaonekana tu kwenye kile alichokiacha Kange.

Lakini njia hii ya nne ina sumu yake. Tuseme aliyeacha kazi angekuwa Kaka wa Dar, ambaye alitutajia mshahara wake wa 1,400,000. Kumwosha Mama Mkubwa yule yule, kwa maji yale yale, kungegharimu milioni 81.2. Kwa hiyo hesabu hii inapima mtu, haipimi kazi. Na familia, bila kujua uchumi wowote, huwa imeshaifanya kichwani: humwachia mgonjwa yule ambaye muda wake unaonekana rahisi. Kwetu huyo ni binti, hasa binti asiye na mume. Halafu miaka mitano ikipita muda wake unakuwa rahisi zaidi, maana biashara imekufa, na mgonjwa anayefuata atakuwa wake pia.

Wenzetu hufanya hesabu hizi kitaifa. Marekani, jumuiya ya wazee iitwayo AARP ilikadiria kwamba mwaka 2021 ndugu na jamaa milioni 38 walihudumia watu wazima kwa saa bilioni 36 bila malipo. Wakazidisha kwa dola 16.59 kwa saa, ikaja dola bilioni 600. Shirika la Kazi Duniani lilisema mwaka 2018 kwamba kazi za malezi na huduma za nyumbani zisizolipwa, za watoto, wagonjwa na wazee kwa pamoja, zinachukua saa bilioni 16.4 kila siku katika nchi 64 zilizopimwa, na zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Ni namba za kutisha, ila ukizipeleka kwenye mkeka wa Ngamiani hazina mguu. Kaka wa Dar angeniuliza, "Hizo bilioni zinanihusu nini?" Nilichokitumia mimi ni kipimo kidogo cha mchumi Margaret Reid, aliyekipendekeza mwaka 1934: kama kazi unaweza kumlipa mtu wa nje akakufanyia, hiyo ni kazi ya uzalishaji, hata kama aliyeifanya hakulipwa. Kufua shuka kunapita. Kumlisha kunapita. Kukaa na Mama Mkubwa jioni anaposimulia kwa nusu maneno habari za mashamba ya katani, na wewe kuzimalizia sentensi zake kwa sababu umezisikia tangu utotoni, hapo hapapiti, na sikupahesabu.

Pato la Taifa, kwa taarifa yako, halijui hata kile kilichopita. Kaka angemwajiri yule mhudumu wa 350,000, ujira wake ungekuwa na mahali pa kuingia katika takwimu za nchi. Dada akifanya vile vile, nchi haijazalisha kitu.

Risiti

Sasa niwatendee haki kaka zangu. Kaka wa Muscat alituma shilingi 150,000 kila mwezi, miezi 58 bila kuruka, hata kipindi cha korona alipokaa wiki kadhaa bila gari la kuendesha. Ni 8,700,000. Kaka wa Dar alituma kwa vipindi, jumla 3,150,000. Na kila shilingi ina ujumbe wake wa simu. Kaka wa Muscat alizisoma pale kikaoni, tarehe kwa tarehe, mpaka za baada ya Julai 2021 tozo za miamala zilipoanza na yeye akawa anaongeza kidogo ili kiasi kifike kamili.

Jumla ni 11,850,000, takribani 204,000 kwa mwezi. Dada alikuwa na daftari. Pampasi za watu wazima mbili kwa siku kwa 1,300, nyingine zikiwa ni khanga kuukuu za kufua: 78,000 kwa mwezi. Dawa na bajaji za kliniki: 65,000. Kumwona daktari, Mama Mkubwa kwa uzee wake alisamehewa kulipa, lakini dawa nyingi zilinunuliwa duka la nje. Maziwa, matunda, samaki na unga wa lishe: 60,000. Inakuja 203,000. Pesa za kaka zilikwenda zote zilikotumwa, kwa mgonjwa. Hakuna hata moja iliyokwenda kwa aliyemuuguza, na hakuna aliyekuwa amelitambua hilo. Wote walidhani wakituma "pesa ya mama" na Dada amo.

Tofauti iliyokuwa mkekani siku ile ni kwamba waliotuma pesa walikuwa na risiti na aliyetuma mgongo wake hakuwa nayo. Mgongo wenyewe unamuuma mpaka leo.

Na kodi? Vyumba vitatu kwa 40,000 ni 120,000 kwa mwezi, jumla 6,960,000. Namba ya Kaka wa Dar ilikuwa sahihi. Lakini daftari linaonyesha 70,000 zikienda umeme, maji na kuziba mabati. 50,000 zilizobaki ndizo walizokula Dada na binti yake. Jumla alichokula ni 2,900,000, na ni haki kitolewe kwenye anachodai. Chumba anacholala sikukitoza, kwa kuwa alikuwa analala hapo kabla ya 2019 na hakuna aliyewahi kumwomba kodi.

Nikachagua bei ya pili, ile ya sheria, kwa sababu ndiyo ambayo hakuna angeweza kusema nimeitunga. 7,450,000 toa 2,900,000. Dada anadai 4,550,000. Ukiitoa kwenye milioni 48 kabla ya kugawa, kila fungu linapungua kidogo: kila kaka anapata milioni 14.48 badala ya 16, mdogo wetu milioni 7.24, na Dada, deni lake na fungu lake pamoja, milioni 11.79. Rudia kusoma hapo. Hata akilipwa kazi ya karibu miaka mitano, bado anapata pungufu kuliko kila kaka yake.

Na kwa kila kaka, gharama ni takribani shilingi 26,150 kwa mwezi kwa ile miezi 58. Niliiandika namba hii kubwa na kuipigia mstari. Kama mwaka 2019 mtu angesema kwenye simu, "Jamani, kila mmoja aongeze 26,000 iwe ya Dada mwenyewe," sidhani kama kuna ambaye angebisha.

Maalim na wakili

Niliporudi na karatasi yangu, Maalim aliisoma yote, akavua miwani.

"Gharama za maziko. Kisha madeni. Kisha wasia usiozidi theluthi. Ndipo mirathi. Hiki unachokidai, mwanangu, nikiweke wapi humu?"

"Kwenye madeni, Maalim," Dada akasema.

"Mlipatana ujira na mama yako?"

"Nipatane na mama yangu?"

"Basi. Kisichopatanwa hakiwi deni. Ulichofanya ni wema kwa mzazi, na malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu."

Wasia nao usingesaidia, kwani mrithi hausiwi mpaka warithi wenzake waridhie. Lililobaki lilikuwa hiba. Mama Mkubwa angeweza kumpa kitu mkononi akiwa hai na akili zake timamu. Hakumpa. Alikuwa akimwonyesha kwa mkono wa kushoto na kuwaambia wageni, "Huyu ndiye mkono wangu wa kulia," na sote tulicheka, na hakuna aliyemwambia kwamba mkono wa kulia nao unakula.

Rafiki yangu wakili hakunipa matumaini zaidi. Sheria yetu inaijua kazi hii, akasema, ila ikifanywa na mke. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, kwa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. (Bi Hawa mwenyewe aliondoka bila nyongeza, kwa kuwa mahakama iliona alishapewa fedha na mumewe, na yeye Bi Hawa akazitumia vibaya. Kanuni alituachia sisi.) Kwa mtoto anayemuuguza mzazi, kanuni ya namna hiyo haipo.

Kisha akanionyesha kifungu kingine ambacho nimekisoma mara tatu. Kifungu cha 34 cha ile sheria ya ajira ya 2004 kinampa mfanyakazi angalau siku nne za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifa. Kwa mzazi, babu, bibi au ndugu zinatolewa siku hizo akifa. Akiugua, kifungu kiko kimya. Kaka wa Dar alikuja Tanga siku nne za msiba akiwa na malipo kamili. Wakati wa kiharusi aliomba ruhusa, akapewa mwisho wa wiki.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliiweka familia kuwa ndiyo ngome ya kumtunza mzee. Makazi ya wazee ya serikali ni ya wale wasiojiweza na wasio na watu. Sina ugomvi na hilo, hakuna kati yetu ambaye angempeleka Mama Mkubwa huko. Lakini ngome ina askari, na askari hula. Ng'ambo yetu tu, Unguja na Pemba, serikali ya Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapanda hadi 50,000, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Shangazi zetu wa Pemba huipokea. Ile 50,000 ingetosha ile 50,000 ya chakula cha Dada, namba kwa namba. Ujerumani wamekwenda mbali zaidi: tangu 1995 wana bima ya uuguzi ambayo humlipa mgonjwa anayetunzwa nyumbani ili amlipe ndugu yake, na ndugu huyo huchangiwa pensheni kwa miaka aliyouguza. Hiyo ni nchi tajiri na bima inakatwa mishaharani, silinganishi. Naitaja kwa sababu ya lile neno pensheni. Dada ana miaka 52, mgongo mbovu, na miaka mitano ambayo hakuweka akiba hata ya mchezo wa kikundi. Hesabu zangu zote nne hazina mstari wa uzee wake yeye.

Radhi

Kaka wa Dar hakuwa mtu mbaya kikaoni, na sitaki asomeke hivyo. Alisema jambo ambalo wengi wetu tunaliamini: "Ukimtia mama kwenye bei, umevunja radhi. Mimi nikiona karatasi hii naona aibu."

Nilifikiri sana juu ya aibu hiyo. Siku nzima tulikuwa tumemtia mama kwenye bei: nyumba yake milioni 48, kodi yake 6,960,000, pesa tulizomtumia mpaka shilingi ya tozo. Aibu ilianza tulipofika kwa Dada. Na ukitazama, radhi ile walikuwa wanaidai wanne, ila ada yake ilikuwa imelipwa na mmoja. Nadhani kuna mambo mawili tunayachanganya. Kupenda hakuhesabiki, ni kweli. Kufua shuka saa tisa usiku kunahesabika, na kukihesabiwa hakumpunguzii mtu penzi lake. Sikuyasema haya. Kazi yangu ilikuwa kuandika.

Aliyevunja ukimya ni mdogo wetu wa Arusha, ambaye ndiye mwenye kidogo kuliko wote. "Mimi nusu ya fungu langu nampa Dada." Milioni nne. Maalim akasema hilo linaruhusiwa, mtu ana hiari na chake. Kaka wa Muscat, baada ya kukatika mara mbili, akasema anatoa milioni moja na nusu, yaani takribani ile 26,150 niliyoipigia mstari kwa miezi 58. Kaka wa Dar akasema anasamehe kodi.

Kwa hiyo Dada alipata milioni 13.5. Ni zaidi ya milioni 11.79 nilizoandika, na wenye furaha ya haraka wataona mambo yaliisha vizuri. Tazama zilikotoka. Kwa hesabu, mdogo wetu alipaswa kuchangia kama 758,000 na akatoa milioni nne. Kaka wa Dar alipaswa kutoa milioni moja na nusu, na alichotoa ni kusamehe kodi ambayo yote ilishakwenda kwenye bati, balbu na sahani ya ugali. Mzigo wa mwanamke mmoja ulihamia nusu yake kwa mwanamke mwingine. Hiari ina tabia hiyo: humgusa kwanza mwenye huruma, wala haimuulizi kama ana uwezo. Na ukilinganisha na milioni 18 zilizobaki Kange, bado.

Nyumba iliuzwa. Dada alinunua kiwanja kidogo nyuma ya Kange, amefika kwenye msingi. Anauza chai na vitafunwa asubuhi tu, sufuria mpya, ndogo.

Mwaka huu macho ya Mjomba yamefunga. Hana mtoto, ana wapwa sita tukiwemo sisi, na simu ya kwanza ilipigwa kwa Dada, kama kawaida. Dada alikubali, akaongeza, "Ila safari hii tuandikiane." Niliandika mimi, ukurasa mmoja: shilingi 120,000 kwa mwezi za Dada mwenyewe, kila mpwa 20,000 naye akiwemo, maana Mjomba ni wake pia, gharama za Mjomba zina orodha yake mbali, biashara ya asubuhi haiguswi, binti ya jirani anakaa na Mjomba mpaka saa nne, na Jumapili ni zamu za wapwa wengine, kwa mwili, si kwa simu.

Jumapili ya kwanza ilimwangukia Kaka wa Dar. Alifika na basi la usiku. Saa mbili asubuhi simu yangu iliita, ni yeye, ananong'ona: dawa ya presha ya Mjomba hutolewa kabla ya chai au baada, na kama ni kabla, afanyeje, kwa kuwa ameshakunywa.